Gari Linacheka Kibaha, Linanuna Buguruni

Kaa vizuri basi, maana wiki hii sina habari za mapenzi wala za nani kaonekana na nani ukumbini. Wiki hii nina habari ya feni. Usigeuze ukurasa, bwana! Sisemi feni ya darini. Nasema ile iliyojificha nyuma ya rejeta ya gari, ambayo vijana wengi wa mjini hatujawahi hata kuiona sura. Bei ya muziki wa gari tunaijua. Rimu tunazijua kwa majina. Lakini muulize kijana feni ya gari lake inawaka wakati gani, atakutazama kama umemuuliza bibi yake alizaliwa tarehe ngapi.

Na gari nalo lina tabia za kibinadamu. Likamate barabara ya Morogoro, lipite Kibaha, likate upepo, utalipenda. Halisumbui, halilalamiki, linacheka tu. Sasa lirudishe mjini saa kumi na moja jioni, liingize kwenye foleni ya Buguruni. Loh! Linanuna, linafura, mara mvuke huo kwenye boneti. Mwenye gari anaapa kwamba limerogwa, maana jana tu lilikwenda Morogoro na kurudi bila kikohozi.

Halijarogwa. Injini inachoma mafuta, na sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta yale haifiki kwenye matairi, inageuka kuwa joto. Joto hilo linabebwa na maji yenye kulanti mpaka kwenye rejeta, na pale linapozwa na upepo. Ukiwa kwenye mwendo, upepo unajiletea wenyewe, wa bure kabisa. Ukisimama kwenye foleni, upepo wa bure umekwisha, unategemea feni peke yake. Kwa hiyo gari linalocheka safarini na kununa kwenye foleni, mtu wa kwanza wa kumkamata na kumhoji ni feni.

Elimu hii sikuipata darasani. Mimi niliishia kidato cha nne, na Fizikia tuliachana kwa amani. Nimeipata kwa dada yangu.

Dada yangu ananizidi miaka mitano na ni dereva wa teksi za mtandao hapa Dar. Anaendesha Toyota IST, zile za toleo la kwanza lililoanza kutoka Japani mwaka 2002. Gari lilikuwa la mkataba. Wasomaji wa mjini mnaujua mkataba: kila Jumatatu unapeleka hesabu kwa mwenye gari, mvua inyeshe jua liwake, na miezi mliyokubaliana ikitimia, kadi inakuwa yako. Hapo katikati kila kitu ni juu yako. Tairi lako, mafuta yako, spea zako. Na injini ikifa mikononi mwako, msiba nao ni wako. Dada alikuwa amebakiza miezi minne.

Basi Ijumaa moja mchana, kati ya Buguruni na Tazara, abiria wawili nyuma, kiyoyozi kinapuliza hewa ya moto badala ya baridi, mara taa nyekundu ya joto ikawaka. Dada hakubishana nayo. Akajisogeza pembeni, akazima injini, akawaomba radhi abiria wake wakatafuta usafiri mwingine. Pale pale wakajitokeza washauri. Mjini washauri hawakosekani, bwana! Mmoja anasema fungua mfuniko wa rejeta, mwingine kashika dumu la maji ya baridi anataka kumwaga juu ya injini.

Dada akawakatalia wote. Ule mfuniko una kazi ya kubana mgandamizo, ndiyo maana maji ya mle ndani yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua wakati wa moto, mgandamizo unaachia ghafla, maji yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Watu wameungua hivyo. Na maji ya baridi kwenye chuma cha moto yanaweza kukipasua. Akaketi kivulini akanipigia simu: "Njoo na chupa za maji. Ushauri uache nyumbani."

Injini ilipopoa kabisa tukaongeza maji, tukalitembeza taratibu mpaka gereji moja ya Ilala, chini ya mwarobaini. Pale kuna mafundi wawili. Mmoja rika langu, mikono myepesi, simu haimtoki sikioni. Mwingine mzee, kaanza kazi enzi za Land Rover ambazo feni yake inazungushwa na mkanda wa injini. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia "Marahaba" huku macho yako kwenye rejeta.

Mzee akamwambia dada awashe gari na kuwasha kiyoyozi. Kwenye magari mengi ya namna hii, ukiwasha kiyoyozi feni inatakiwa kuzunguka. Ya kwetu, kimya. Akapima kwenye soketi yake kwa testa: umeme unafika. Akachukua spana, akaigonga mota kwa mpini, tak tak. Feni ikazunguka! Mimi nikataka kupiga makofi. Mzee akaniambia, "Subiri kijana." Ikazunguka dakika moja hivi, ikasimama.

"Brashi zimekwisha," akasema.

Mle ndani ya mota kuna vipande viwili au zaidi vya kaboni, vinaitwa brashi, vinavyosugua kwenye shaba inayozunguka ili kupitisha umeme. Vinalika taratibu, mwaka hadi mwaka. Vikiwa vifupi vinashindwa kugusa vizuri. Ukigonga vinagusa kidogo, halafu vinaachia. Mzee akaifungua ile mota atuonyeshe. Brashi zingeweza kubadilishwa, lakini na ile shaba ilikuwa imekwisha kuliwa mifereji. Kuweka brashi mpya juu ya shaba mbovu ni sawa na kuvaa soksi mpya ndani ya kiatu kilichotoboka.

Hapo mjadala ukaanza. Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, feni mpya kutoka kwa mwenye Toyota yake. Dada alipotajiwa bei akanyamaza, nami nikaangalia pembeni. Ya pili, mtumba uliochomolewa kwenye gari jingine la Japani. Hiyo inaingia vizuri bila kukata wala kuunga, na wengi imewafaa. Tatizo, na yenyewe ina miaka yake na brashi zake zimeliwa kiasi, na kwa nje hujui zimebaki kiasi gani. Ya tatu ni feni mbadala, mpya, iliyotengenezwa na kampuni nyingine, nyingi zinatoka China.

Ngoja hapa tuelewane. Feni mbadala si lazima iwe feki. Feki ni ile inayojiandika jina la mwenzake kwenye boksi ili uilipie bei ya orijino. Mbadala inakuja kwa jina lake. Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa kimeo, lakini haijakudanganya jina. Sisi tukaamua mbadala.

Fundi kijana akachangamka. "Dada, hii kazi ya saa moja tu. Naibana na vile vikamba vya plastiki kwenye rejeta, waya nautoa kwenye swichi ya ufunguo, ukiwasha gari feni inawaka, ukizima inazima. Na themostati naitoa kabisa, Dar hapa joto, ya nini? Jioni uko barabarani."

Mzee akasema, "Mimi nitakupa gari kesho jioni."

Msomaji, kesho ilikuwa Jumamosi. Kwa dereva wa mtandao Jumamosi ndiyo siku yenyewe: harusi, ufukweni, kumbi, watu wanatoka mpaka usiku wa manane. Na Jumatatu hesabu inasubiri. Niliona dada anapiga hesabu kichwani. Saa moja au siku nzima? Mtu ambaye hajawahi kudaiwa hesabu atasema jibu ni rahisi. Si rahisi hata kidogo.

Dada akamgeukia yule kijana, kwa upole tu: "Mdogo wangu, ukiniunga hivyo, silinda hedi ikipinda utalipa wewe?" Kijana akacheka, akarudi kwenye simu yake. Dada akampa mzee ufunguo.

Nikamuuliza mzee ubaya wa ile kazi ya saa moja ni nini, maana magari mangapi hapa mjini yanatembea hivyo? Akanieleza huku anafungua nati.

Vile vikamba vinapitishwa katikati ya vibati vyembamba vya rejeta. Gari linatikisika, feni inatikisika, na plastiki inasugua pole pole. Baada ya muda rejeta inavuja. Ulinunua feni, sasa unanunua na rejeta.

Waya kwenye swichi ya ufunguo nao una mambo. Umeme ni hesabu ya darasani: wati gawanya kwa volti unapata ampea. Feni ya wati 120 kwa betri ya volti 12 inakula ampea 10, na pale inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo. Swichi na waya mwembamba usiotengenezwa kwa mzigo huo unapata moto, plastiki inayeyuka, na gari linaweza kuungua. Ndiyo maana kuna rilei: umeme mdogo unabonyeza swichi, na ile swichi inafungulia umeme mkubwa unaotoka kwenye betri kupitia fyuzi yake. Halafu feni inayozunguka saa zote, hata alfajiri wakati injini ya baridi, inamaliza brashi zake kwa kazi isiyo na maana.

Na themostati? Ile ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango unafungwa, maji hayaendi kwenye rejeta, injini inapata joto haraka. Kwenye Toyota nyingi za aina hii unaanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Ukiutoa, ukiwa kwenye mwendo injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limeamka, inazidi kumimina petroli. Kwa mtu wa mtandao, petroli ndiyo faida yenyewe. Na foleni haijali kama umetoa themostati, kama feni ni mbovu utachemsha tu.

"Hili gari lina akili yake," mzee akasema. "Rilei ipo, fyuzi ipo, kompyuta ndiyo inaamua feni iwake saa ngapi. Kilichokufa ni mota tu. Sasa kwa nini tuue na akili?"

Jumamosi asubuhi tukaenda mimi na yeye mitaa ya Gerezani, Kariakoo, kutafuta feni. Alibeba ile ya zamani kwenye mfuko wa rambo. Muuza duka akaweka mezani feni ndogo inayong'aa, wati 80. "Hii inapoza hata lori," anasema. Mzee hakubishana, akatoa futi kamba. Akapima upana wa mapanga. Akapima unene wa mota, maana nyuma ya rejeta nafasi ni ndogo, feni nene inaweza kugusana na injini. Akasoma wati. Akaangalia mshale wa upande wa kuzunguka na mapanga yalivyojikunja, maana kuna feni ya kuvuta, inakaa nyuma ya rejeta, na kuna ya kusukuma, inakaa mbele. Ya kwetu ni ya kuvuta. Akaomba iwashwe kwa betri pale pale dukani, akaisikiliza kama daktari. Tukaondoka na ya wati 120, ya inchi 12, bei nafuu mara kadhaa kuliko ile ya kumfanya mtu aangalie pembeni.

Kazi yenyewe niliishika kwa mikono yangu, mzee anaelekeza. Injini imepoa, waya hasi wa betri umetolewa. Tukachomoa lile kava la plastiki linaloishika feni. Wengi wanalitupa, eti linajaza nafasi. Kumbe kava ndilo linalofanya feni ivute upepo kupitia uso wote wa rejeta. Bila kava, feni inapoza duara lake tu, na pembeni inajivutia hewa ya moto iliyokwisha pita. Mzee akakata vipande vinne vya bati nene, akatoboa, feni mpya ikafungwa kwenye kava la zamani kwa bolti na raba za kuzuia mtikisiko. Rejeta haikuguswa hata kidogo.

Soketi ya feni mpya haikuingiliana na ya gari. Akakata soketi ya ile mota iliyokufa pamoja na waya wake, akaiunganisha kwa risasi na feni mpya, akavika mipira ya kuzuia umeme. Kwa hiyo kwenye gari lenyewe hakuna waya hata mmoja uliokatwa. Siku ukipata feni ya Toyota yake, unachomoa hii unachomeka ile.

Sasa hapa sikia jambo ambalo linaua injini nyingi kimya kimya. Mota ya namna hii ukigeuza waya, chanya mahali pa hasi, haiungui. Inazunguka tu, tena vizuri, lakini kinyume. Badala ya kuvuta upepo baridi kupitia rejeta, inairudishia rejeta hewa ya moto kutoka kwenye injini, na gari likiwa kwenye mwendo inapigana na upepo wa bure. Mwenye gari akifungua boneti anaona feni inazunguka, anaridhika, gari linachemka, analaumu rejeta. Mzee alichukua ukurasa wa gazeti (sisemi gazeti gani!), akausogeza mbele ya rejeta. Feni ikaunyonya, ukanata pale kama stempu. "Inavuta," akasema. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho.

Tukajaza kulanti iliyochanganywa na maji, tukaacha injini iunguruме bila kwenda popote mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Tukasubiri. Dakika zikapita, dada anatembea huku na huku. Injini ikapata joto lake, na ghafla, vuuuu! Feni ikawaka yenyewe. Ikapoza, ikazima yenyewe. Ikawaka tena. Mzee akataka ifanye hivyo mara tatu, ndipo akafunga boneti. Ina kelele kidogo kuliko ile ya zamani, lakini kelele ya kazi.

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Dada akawasha simu ya kazi akaenda kuvua Jumamosi iliyobaki. Haikutosha. Jumatatu hesabu ilipungua, na mwenye gari akafoka. Dada akamweleza ukweli na kumwonyesha ile mota mbovu, akaahidi kumalizia Alhamisi. Alhamisi akamalizia. Wiki ile nyumbani tulikula maharage mfululizo, hatukufa.

Miezi minne imepita tangu siku ile. Mwezi uliopita kadi ya gari imebadilishwa jina, sasa inasoma la dada yangu. Nasikia kuna watu mtaani wanasema kapata mume tajiri. Waache waseme. Mimi najua aliyempa gari ni Jumamosi aliyoitoa sadaka kwa mzee wa Ilala.

Sasa wewe mwenzangu, kama una gari, la kwako au la mkataba au la mjomba, fanya jambo moja kabla ya mwisho wa wiki. Liwashe, washa kiyoyozi, fungua boneti, weka mikono na tai mbali na mapanga, maana feni ya umeme inaweza kuanza bila kupiga hodi. Inazunguka? Inavuta karatasi? Liache lipate joto, inawaka na kuzima yenyewe? Kama jibu ni ndiyo mara tatu, nenda kanunue muziki wako. Kama kuna hapana hata moja, muziki usubiri.

Na ukilazimika kuweka feni mbadala, usione aibu, wala usikubali kazi ya saa moja. Mwulize fundi maswali matatu: inavuta au inasukuma, umeme inapata wapi, na nani anaiambia iwake? Fundi anayejua atafurahi kukujibu. Asiyejua atakwambia gari limerogwa.

Kwa leo natua hapa. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo, nikiwa na habari za kumbi kama kawaida. Foleni njema!